Walipoikata Diski Yangu

Wanaume watatu wanaweza kukaa kwenye kochi kuanzia baada ya Alasiri mpaka adhana ya Magharibi wakibishana ni mfumo gani wa kompyuta unaofaa kwa gemu, na muda wote huo wasicheze gemu hata moja. Nimeyaona kwa macho yangu, na chai waliyokunywa niliichemsha mimi, mtoto mgongoni. Mmoja anasema Windows ni nzito, inakula memori kabla hujafungua kitu. Mwingine anasema Linux ndiyo nyepesi, ila kuna gemu zinazoikataa. Wa tatu hajui lolote, lakini anatikisa kichwa kwa uzito wa kadhi anayesikiliza kesi ya talaka. Ungedhani serikali imewaita kuchagua mitambo ya kuongozea ndege. Kompyuta yenyewe ina umri wa mtoto wa kuanza shule, feni yake inanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga, na gemu inayowanyima raha ni ya mpira. Uwanja wa kweli uko nyuma ya nyumba yetu hapa Lindi, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kukimbia goli hadi goli bila kushika kiuno.

Kompyuta ilikuwa yangu. Hilo nalisema mapema, kwa sababu ukiwasikiliza wao ungefikiri ilishushwa kutoka mbinguni hadi sebuleni kwa ajili ya ligi yao. Ni ya mpakato, niliinunua mtumba kabla sijaolewa, kwa kazi yangu ya video.

Kazi yangu ni shughuli za wanawake. Bibi harusi wa huku pwani ana siku yake ya singo. Wanawake wanajifungia naye chumbani, kungwi wake anamsugua mwili mzima kwa liwa, ule msandali uliosagwa, wengine wanaimba, wanacheza, wanamfunda mambo ya ndoa. Mlango unatiwa komeo. Mwanamume haingii, awe baba yake, awe kaka yake. Yanayosemwa mle yanabaki mle, na watu wanavyovaa mle, au wasivyovaa, si vya macho ya nje. Zamani hapakuwa na kamera. Sasa mabibi harusi wanataka kumbukumbu kama watu wengine, na mpiga video wa kiume hawezi kuingia, kwa hiyo wananiita mimi. Nimekwenda Kitomanga, nimekwenda Milola, nimekwenda Sudi. Napiga, narudi nyumbani, nakata na kuunganisha kwenye kompyuta, nampelekea mwenyewe flashi yake mkononi.

Kabla kamera haijawashwa kungwi huuliza swali moja: hizi picha zikitoka humu zinakwenda wapi? Yule wa Sudi hakuridhika na jibu la pembeni. Ilikuwa Shaabani, harusi zimejazana kabla ya Ramadhani, na mimi nina mtoto wa miezi minne mgongoni. Akanisimamisha katikati ya chumba, mkono wangu begani kwa bibi harusi, akaniambia nijibu mbele ya wote. Nikajibu. Nikasema zinakaa kwangu peke yangu, kompyuta inafungwa kwa neno la siri, na hata mume wangu halijui. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi harusi akavua ushungi.

Nilikuwa nimesema uongo na sikujua. Uongo wenyewe ulitengenezwa miezi mitatu nyuma, sebuleni kwangu, mimi nikiwa sipo.

Nilipojifungua nilikwenda kwa mama yangu Kitomanga kutimiza arobaini. Mume wangu anauza spea za pikipiki, hakuweza kufunga duka, akabaki mjini. Kompyuta nayo ikabaki naye. Siku arobaini mwanamke anakandwa na maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, anaamka kila mtoto anapolia, na mumewe anapata wakati wote anaouhitaji ili kuharibu vitu.

Ana rafiki aliyesoma kozi fupi ya kompyuta, akarudi na cheti na namna mpya ya kutembea. Mimi humwita mtaalamu, na simsifu. Huyo ndiye aliyemweleza mume wangu kwamba gemu yao inakwama kwa sababu Windows yangu imechoka, na kwamba dawa si kuifuta bali kuweka mfumo mwingine pembeni yake. Kompyuta moja, mifumo miwili, kila mmoja na sehemu yake ya diski. Wakaikata diski yangu kama shamba la mirathi. Kwanza wakaweka Windows nyingine waliyoiita ya gemu, imepunguzwa na mtu wasiyemjua, imekuja kwa flashi isiyojulikana ilikotoka. Ikawaka vizuri ila ikakataa kutoa sauti. Mpira bila mtangazaji haukuwapendeza. Mtu mwenye akili angeifuta. Wao wakaiacha hapo hapo, wakakata tena, wakaweka Linux.

Basi nikarudi kutoka Kitomanga na kichanga changu, nikawasha mashine yangu, nikapokewa na kioo cheusi chenye mistari mitatu ya maandishi meupe. Unachagua kwa vishale unataka kuingia mfumo gani, na una sekunde kumi. Ukichelewa, inaingia wa kwanza. Wa kwanza ulikuwa wao. Wangu waliuweka chini kabisa, kama mke mkubwa aliyechokwa.

Nilipomuuliza, mume wangu alicheka akaniambia nisiwe na wasiwasi. Upande wangu haujaguswa, faili zangu zote zipo, neno la siri lilelile. Nikachagua mstari wa tatu, ikaniuliza neno la siri, nikaliandika, nikakuta kila kitu mahali pake. Nilikasirika kwa nafasi niliyopunguziwa, lakini nilinyamaza, maana nilikuwa na mtoto asiyelala na sikuwa na nguvu za ugomvi wa pili. Hapo kosa ni langu pia, nalikubali. Nilifikiri mfumo ni nyumba na neno la siri ni kufuli ya mlango wake. Sikuuliza kama mfumo wa jirani una dirisha linalofungukia chumbani kwangu.

Wiki tatu baada ya ile harusi ya Sudi nilikuwa namalizia kuunganisha video ya bibi harusi. Mchana kweupe, mume yuko dukani. Nikaondoka mezani kumbadilisha mtoto nepi. Huku nyuma kompyuta ikajizima ili ijisasishe, ikajiwasha, ikahesabu sekunde zake kumi, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kugusa vishale, ikaingia mfumo wa wanaume.

Sikuwahi kuuona kwa ndani. Haukuniuliza neno la siri wala jina. Mtaalamu aliuweka hivyo kusudi, wasipoteze muda kabla ya mechi. Kioo kizima kilikuwa na picha ya gari jekundu la mashindano, ingawa hakuna kati yao mwenye hata leseni. Nikaanza kutafuta pa kuuzimia. Katika kutafuta nikabonyeza kabrasha moja, ikaja orodha ya diski, na moja yao ilikuwa na ukubwa sawasawa na sehemu yangu. Nikaibonyeza. Ikafunguka.

Haikuuliza chochote. Ikafunguka tu, na mle ndani nikayaona mafolda yangu kama nilivyoyapanga: Kitomanga, Milola, Sudi. Nikaingia Sudi. Nikaibonyeza faili ya kwanza, na bibi harusi wa watu akatokea kwenye kioo kile cha picha ya gari jekundu, amekaa mkekani, kungwi anamvua kanga ya mabega.

Nikaifunga. Nilijiambia kwamba pengine mlango ulikuwa wazi lakini hakuna aliyepita. Kisha nikaona pembeni ya ile programu ya kuchezea video orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni. Ya juu ilikuwa ile niliyoifungua mimi. Iliyofuata ilikuwa ya mabao ya ligi ya Ulaya. Na chini ya mabao, kwa siku ambayo mimi nilikuwa kliniki kumpima mtoto uzito, ilikuwa Sudi, singo, sehemu ya kwanza.

Mume wangu alipoingia nilimngoja anawe mikono, nikamwonyesha kioo. Hakukana. Ana sifa hiyo moja, hawezi kudanganya haraka. Alisema gemu ilikuwa inakwama tena, filamu ile ya mwanzoni kabla mechi haijaanza, na mtaalamu akasema wajue kwanza kama tatizo ni gemu au ni mfumo. Njia ya kujua ni kuchezesha video yoyote nzito. Wakatafuta kwenye diski zote faili iliyo kubwa kuliko zote.

"Kubwa kuliko zote zilikuwa zako," akasema. "Hatukujua ni nini. Ilikuwa majaribio tu, mke wangu. Sekunde kumi, ishirini."

"Mlikuwa wangapi?"

"Sisi. Watatu."

"Na video ilikwama?"

Akafikiri, mjinga yule, akafikiri kwa dhati kama naulizia utendaji wa mashine. "Haikukwama," akasema. "Ilikwenda vizuri kabisa."

"Basi mliona vizuri kabisa."

Hapo ndipo alipoelewa, nadhani. Akaanza kuzungumzia shetani. Sikumsikiliza. Nilichukua mtoto nikaenda kukaa uani.

Nilikaa siku mbili na jambo lile. Ningeweza kunyamaza. Sudi ni mbali kidogo, bibi harusi hawajui wanaume hawa kwa karibu, na wao wenyewe walijua wamekosa. Lakini mtaalamu ana mdomo, na jirani yule wa tatu, anayetikisa kichwa, ana baraza. Neno likitoka kwao likafika Sudi kabla yangu, sitaingia tena chumba chochote chenye komeo, si Sudi tu, pwani yote. Wala haikuwa kazi peke yake. Nilikuwa nimeweka mkono begani kwa mtu. Alivua ushungi kwa sababu ya kauli yangu. Kila nikifumba macho namwona anauvua, anaukunja vizuri, anaweka pembeni.

Siku ya tatu nikaifunga kompyuta kwenye kanga, nikabeba mtoto, nikapanda bodaboda mpaka stendi, nikaenda Sudi.

Kungwi alinipokea vizuri, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akamchukua mtoto. Nikaomba bibi harusi aitwe. Mumewe alikuwa safarini na yeye alikuwa kwa shangazi yake, nyumba ya pili. Walipokuja wote wawili, bi harusi na shangazi, nikaomba mlango ufungwe, nikasema. Sikuzunguka. Nilisema kompyuta yangu imewekwa mifumo mitatu kwa ajili ya gemu, kwamba neno la siri linafunga mfumo wangu tu na halifungi diski, kwamba kutoka mfumo wa wanaume picha zinaonekana, na kwamba wanaume watatu wameziona.

Kungwi hakuelewa mifumo na hakutaka kuielewa. Aliuliza waliona nini. Nikasema mwanzo, kanga ya mabega inavuliwa, si zaidi ya hapo. Shangazi akasema huo uzaidi nimeujuaje, nilikuwepo?

Bibi harusi aliuliza ni akina nani. Nikawataja wote, mume wangu kwanza. Huyo wa tatu alimjua, anauza madafu karibu na stendi ya Lindi. Alikuwa amenunua dafu kwake wiki hiyo hiyo.

Shangazi alitaka wanaume waitwe. Kungwi akamkatalia kwa mkono tu. Nani awaite, na kwa lugha gani? Jambo likifika kwa wanaume wa upande huu litafika kwa mume wa bi harusi, na huyo hatauliza nani aliikata diski. Atauliza mkewe alikuwa amevaa nini. Likiwa la wanawake litakwisha kwa wanawake. Nilijua ana haki, na ndicho kilichonichoma zaidi ya yote. Wamefanya wao, na adabu ya kulificha ni yetu.

Kisha kungwi akaashiria kompyuta akasema kitu hiki kitiwe baharini. Kama si baharini, picha zifutwe sasa hivi, yeye akiangalia.

Nikaiwasha. Kile kioo cheusi kikatokea na mistari yake mitatu, na wote wakainama kuangalia. Shangazi akauliza upi wa wanaume. Nikamwonyesha wa kwanza. Upi wangu? Wa mwisho. Na wa katikati? Nikasema nao wa wanaume, ila bubu. Kungwi akaguna, akasema hata humo wana wawili sisi mmoja. Nikaingia wangu, nikafungua folda ya Sudi, nikaweka kidole tayari kufuta.

"Ngoja kwanza, dada," bibi harusi akasema. "Mimi nimekosa nini hata nifutwe? Ile siku naitaka. Wafutwe wao."

Kungwi akamtazama. Shangazi akamtazama. Mimi nikaanza kufanya alivyosema.

Kufuta mfumo si jambo gumu ukishajua upo sehemu gani ya diski. Nikaifungua orodha ya sehemu zote, nikazitambua zao kwa ukubwa, nikafuta ya bubu kwanza, halafu Linux. Msimu mzima wa ligi yao ukaenda, vikombe, usajili, magoli, sijui nini, kwa kubonyeza mara mbili. Sijapata kufurahi hivyo tangu nijifungue. Shangazi akataka kuona kama kweli wametoka. Nikasema nitaizima niiwashe, mtaona mstari umebaki mmoja.

Nikaizima, nikaiwasha. Mstari haukuwepo hata mmoja. Kioo cheusi, neno moja au mawili ya Kiingereza yanayosema inahitaji kuokolewa, na kistari kinachopepesa. Nikaizima tena. Vilevile.

Hilo mtaalamu hakuwahi kumwambia mtu, au hakulijua. Walipoweka Linux, ule ukurasa wa kuchagua mfumo uliwekwa ndani ya Linux yenyewe. Ufunguo wa nyumba yangu ulikuwa unakaa chumbani kwao. Nilipowabomolea chumba, nikaufukia ufunguo.

Bibi harusi hakulia. Aliuliza kama siku yake imepotea, nikasema imo ndani, haijaguswa, ila mashine haijui mlango. Shangazi akasema si ipelekwe kwa fundi. Kisha akajisikia alichosema, akafunga mdomo. Mafundi wote tunaowajua, kuanzia Lindi hadi Mtwara, ni wanaume. Kumpa fundi mashine ile ilikuwa kumpa kila kitu tulichokuwa tunakizuia.

Kungwi akaichukua, akaifunga tena kwenye kanga, akaisukuma chini ya kitanda chake. Akaniambia, mwanangu, hiki hakilali tena kwenye nyumba yenye wanaume. Nenda katafute dawa yake. Ukiipata njoo uitibie hapa. Usipoipata, bahari ipo.

Nilirudi Lindi mikono mitupu. Mume wangu aliona kompyuta haipo, nikamwambia iko kwa bibi harusi mwenyewe, na kwamba amejua. Akakaa kitini. Aliuliza kama na mume wa bi harusi amejua. Swali lake la kwanza lilikuwa hilo. Nikamwambia ashukuru wanawake wa Sudi wana akili, na nikamkataza kuniuliza la pili.

Kwa siku nne nilijifunza kwa simu, mtoto akiwa titini, bando likiisha nanunua jingine. Niliangalia vijana wa nchi za mbali wakiongea Kiingereza cha haraka, narudisha nyuma, naandika kwenye daftari la kliniki, ukurasa wa nyuma. Sikuwa mjinga wa kompyuta shuleni, ingawa shuleni kwetu zilikuwa tatu na ilikuwa inawaka moja. Nikaelewa kwamba ninahitaji flashi yenye Windows ya kusakinishia, nisiisakinishe, niingie tu kwenye sehemu yake ya matengenezo, niandike amri chache, na Windows yangu itarudishiwa mlango wake. Flashi kama hiyo niliijua iko kwa nani.

Nikamfuata mtaalamu. Alikuwa amekaa nje ya kibanda cha vocha anazungusha funguo kidoleni. Akanisalimia shemeji, shemeji, macho hayatui. Nikamwambia naomba flashi ya Windows, kuna kompyuta ya rafiki yangu imegoma. Mtu mwingine angenipa akanyamaza, kwa aibu tu. Huyu aliponusa kwamba naomba msaada alisahau aibu yote. Akanipa somo. Alinieleza kwamba kuchagua mfumo ni kama kuchagua mke, lazima ujue unataka matumizi gani. Akaniambia Windows ni kwa watu wa kawaida, na kwamba mchezaji wa kweli hawezi kutegemea mfumo mmoja. Kuna mifumo ya kazi, kuna mifumo ya gemu, na yeye hapo alipo nyumbani kwake ana mitano. Mitano. Na suruali moja.

"Lakini hiyo ya rafiki yako niletee mimi," akasema. "Zile amri za matengenezo kwa mwanamke ni ngumu, shemeji. Ukikosea herufi moja umekwisha."

Nikamwambia rafiki yangu ana haya sana, hapendi vitu vyake viangaliwe na wanaume. Akaangalia chini. Akanipa flashi.

Sudi nilifika asubuhi. Kungwi akatia komeo kama siku ya singo. Nikaivuta mashine kutoka chini ya kitanda, nikachomeka flashi, bibi harusi akampakata mwanangu, shangazi akasimama dirishani. Ukafunguka ukurasa mweusi mwingine, ule wa kuandikia amri, nikafungua daftari la kliniki. Niliandika herufi moja moja. Amri ya kwanza ikakubali. Ya pili ikajibu kwamba nimenyimwa ruhusa. Nikatazama daftari, nikaona kwamba kuna njia ya kuzunguka niliyokuwa nimeiandika kwa wino mwingine, nikaifuata. Ikakubali. Ya tatu ikauliza kama niongeze mfumo uliopatikana. Uliopatikana ulikuwa mmoja. Nikajibu ndiyo.

Nilipoiwasha haikuuliza nichague. Ikaenda moja kwa moja kwangu, ikaniomba neno la siri.

Hawakupiga vigelegele. Kungwi alisema alhamdulillahi kwa sauti ya chini, akaniambia nianze kazi. Nikaimalizia video pale pale mkekani, nikainakili kwenye flashi mpya, nikamkabidhi bibi harusi. Ya kwenye kompyuta nikaifuta mbele yao, na folda za Kitomanga na Milola nikaziwekea programu inayoifunga diski yenyewe. Siku hizi hata ukija na mifumo kumi utaona takataka tu. Nilimweleza kungwi hivyo. Akasema ya diski hayajui, yeye anajua ya chumba. Kuanzia leo nikiitwa shughuli yake yoyote nije na mashine, nikae hapo hapo mpaka nimalize, nimpe mwenyewe chake, niondoke bila picha hata moja. Nikiona ni kazi nyingi nisije. Nikasema nitakuja.

Watatu wale hawajaulizwa lolote na mtu yeyote. Mtaalamu anatangaza mjini kwamba nimeifuta Linux kwa sababu wanawake wanaogopa mabadiliko. Muuza madafu anasikitikia ligi, alikuwa nafasi ya pili. Wamehamia kwenye kochi la mtu mwingine, na nasikia sasa wanabishana ni kadi gani ya picha inayoikimbiza gemu.

Siku chache kabla ya Idi bibi harusi alikuja Lindi kununua vitambaa, akanipigia tutembee wote. Tulipomaliza sokoni nilitaka tupite njia ya nyuma. Akasema hapana, tupite mbele, njia ni ya wote. Stendi alimtazama muuza madafu mpaka tukampita, na yule akamkaribisha dafu la kufuturu kama mteja mwingine, hana habari. Dukani kwa mume wangu alisimama kabisa, barazani, ameshika mifuko yake.

"Asalaam alaykum, shemeji," akasema.

Mume wangu aliitikia bila kuinua uso. Akageukia rafu, akaanza kutafuta kitu ambacho hakuna mteja aliyekiulizia, akitoa boksi hili na kurudisha lile, na sisi tumesimama tunamngoja.